Jibu la Tatu

Kila siku ya shule Ariane aliamka saa kumi na mbili asubuhi. Wakati huo mama yake alikuwa ameshaondoka. Maman Marie-Claire alinunua nguo kwa jumla katika soko la Shahe, mjini Guangzhou, China, na kuzituma Lubumbashi, na soko la Shahe hufunguliwa kabla ya kupambazuka. Aliacha chai kwenye chupa na mikate miwili iliyofunikwa kwa sahani. Ariane alikula akiwa amesimama. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu utotoni hakuweza kutulia kitini akiwa na jambo moyoni. Wiki ile hakutulia kitini hata mara moja.

Shule ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Alipita kwenye maduka ya mtaa wa Xiaobei, ambako wafungaji wa mizigo walikuwa wakivuta utepe mpana juu ya mabelo, yale marobota makubwa ya nguo. Akavuka daraja la waenda kwa miguu. Akakwepa pikipiki za umeme, ambazo hazina mngurumo na humfikia mtu kabla hajazisikia. Kisha akaingia katika jengo la ghorofa tisa na kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Lifti ilikuwapo, lakini asubuhi ilikuwa mali ya mabelo.

Shule hiyo haikuwa ya serikali, wala haikuwa ya mtu binafsi. Iliitwa shule ya mkataba. Wazazi wa Kiafrika waliofanya biashara Guangzhou walikuwa wamekubaliana na walimu na kutia saini mkataba wa kurasa nne. Walimu walipewa uhuru wa kupanga masomo na namna ya kuyafundisha. Nao waliahidi kwamba kila mtoto angejua kusoma, kuandika na kuhesabu. Wasipotimiza ahadi hiyo, wazazi walikuwa na haki ya kuuvunja mkataba. Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili, kutoka Kongo, Tanzania na Kenya, na Kiswahili ndiyo lugha iliyowakutanisha.

Mwezi uliopita mwalimu wa hisabati, Bwana Medard, alimaliza masomo yake ya chuo kikuu na kurudi kwao Mwanza. Nafasi yake ilibaki wazi. Aliyeiomba nafasi hiyo alikuwa baba yake Ariane.

Papa Ilunga alikuwa amefundisha hisabati mjini Likasi kwa miaka tisa kabla ya kumfuata mkewe Guangzhou. Huku hakupata darasa. Alifanya kazi ya kukagua mizigo kwa niaba ya tajiri mmoja, ambaye wote walimwita laoban, kama matajiri wote wa maduka wanavyoitwa mjini humo. Kila wiki Papa Ilunga alipanda treni kwenda Yiwu, mji ulio mbali kaskazini, akahesabu katoni ghalani na kurudi akiwa amechoka. Ariane alimwona siku mbili katika siku kumi. Sasa laoban alitaka Papa Ilunga ahamie kabisa katika ghala la Yiwu kwa miezi sita. Alimpa hadi Jumamosi kutoa jibu.

Jumamosi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa siku ya somo la majaribio. Mkataba wa shule ulisema wazi kwamba hakuna mwalimu atakayepewa kazi kabla ya kufundisha darasa halisi mbele ya kamati. Darasa lililochaguliwa lilikuwa la Ariane.

Jumatano jioni familia ilikula pamoja, jambo lililokuwa adimu. Ariane alimaliza ugali wake, ambao nyumbani kwao uliitwa bukari, kabla ya wazazi wake kuuanza. Papa Ilunga naye aliinuka mara mbili, akaenda mbele ya kabati na kulifundisha hesabu za sehemu, nusu na robo.

“Papa Ariane, kabati limeelewa?” Maman Marie-Claire aliuliza.

“Kabati haliulizi swali,” Papa Ilunga alijibu. “Hilo ndilo tatizo lake.”

“Njoo ule. Unajisumbua bure. Kule kwetu inspekta alipokuja, kila kitu kilikuwa tayari. Mwalimu alitufundisha somo lilelile siku mbili mfululizo. Inspekta akiingia, mikono yote juu! Hata kaka yangu Ghislain, ambaye saba mara nane ilimshinda, naye mkono juu.”

“Akiitwa je?” Ariane aliuliza.

“Aitwe kwa nini? Mwalimu alijua wa kumwita.”

Maman Marie-Claire alicheka hadi akafuta macho. Papa Ilunga alitabasamu kidogo tu.

“Nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza,” alisema. “Inspekta akanipa alama nzuri. Wiki iliyofuata nikagundua kwamba nusu ya darasa langu haikuelewa kitu. Niliona aibu mpaka likizo.”

Ariane alisikia maneno mawili tu: alama nzuri. Mengine hayakumwingia.

Kesho yake alasiri Papa Ilunga alikwenda kwa kinyozi. Daftari lake la maandalizi lilikuwa mezani. Ariane alizunguka meza ile mara tatu. Mara ya nne alilifungua.

Mwandiko wa baba yake ulikuwa mdogo na ulionyooka. Kulikuwa na maswali sita ya kujumlisha sehemu, na kila swali lilikuwa na jibu lake. Chini ya kila jibu Papa Ilunga alikuwa ameandika mistari mingi. Chini ya swali la kwanza iliandikwa hivi: “Atakayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini atapata mbili juu ya saba. Asikatizwe. Aulizwe amepataje.” Ariane alishangaa. Mtu gani hupanga makosa? Aliiruka mistari hiyo. Alinakili maswali na majibu yake sita kwenye karatasi, akaipiga picha kwa simu na kulirudisha daftari mahali pake.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuondoka nyumbani, alituma picha ile kwa wenzake wa darasa. Wakati wa mapumziko walimzunguka kwenye korido.

“Wee, Ariane!” Macharia alisema huku akishika kichwa. Alikuwa mvulana wa Nairobi, na hakuna jambo alilolisema kwa sauti ndogo. “Hii ni mwakenya! Umetuletea mwakenya mpaka China!”

Mwakenya ndilo jina ambalo wanafunzi wa kwao huipa karatasi ya kuibia mtihani. Wengine waliangua kicheko.

“Si mtihani,” Ariane alisema. “Hakuna anayepewa alama. Tunamsaidia mwalimu mpya tu.”

“Mwalimu mpya ambaye ni babako.”

“Na wewe unataka aje nani? Mtu usiyemjua?”

Macharia alifikiri kidogo. “Sawa. Lakini akishaajiriwa asinipe kazi ya nyumbani. Mwambie hivyo mzee.”

Agape hakucheka. Alikuwa msichana mpole kutoka Moshi, rafiki wa Ariane, na sehemu zilimtesa kuliko somo lolote. Aliisoma picha ile kwa muda mrefu.

“Theluthi jumlisha robo,” alisema. “Mbona jibu ni saba juu ya kumi na mbili? Hiyo kumi na mbili imetoka wapi?”

“Sijui. Wewe kariri tu.”

“Jamani, Ariane, mimi nilitaka kesho nimuulize. Mwalimu Medard aliondoka kabla hajafika hapo.”

“Usiulize chochote! Ukiuliza, kamati itaona hujui. Ikiona hujui, itasema Papa hafundishi vizuri. Kariri kwa mpangilio, la kwanza mpaka la sita. Basi.”

Agape aliinamisha kichwa na kuanza kukariri.

Jumamosi saa tatu kamili wajumbe watatu wa kamati waliketi nyuma ya darasa. Katikati aliketi Mwalimu Agripina, mkuu wa shule, mwanamke wa Bukoba aliyezungumza kwa utaratibu na kukumbuka kila kitu. Kulia kwake alikuwa Bwana Abdulrazak, wakala wa mizigo kutoka Mombasa, aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi. Kushoto aliketi mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na kalamu mkononi.

Papa Ilunga aliingia akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Aliweka mezani pakiti ya soksi za watoto wachanga, jozi kumi na mbili, kama zinavyouzwa sokoni. Wanafunzi walisimama wakamsalimu. Papa Ilunga alishika kalamu ya ubao. Alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani.

“Leo tutajumlisha sehemu ambazo hazifanani chini,” alisema. “Tuna theluthi moja. Tunaiongezea robo moja. Msikimbilie jibu. Kwanza nataka mkisie.”

Mikono yote iliinuka. Yote, kuanzia mstari wa mbele mpaka wa nyuma.

Papa Ilunga alishtuka. “Ndiyo, Macharia.”

“Saba juu ya kumi na mbili, Mwalimu!”

Pakiti ya soksi ilikuwa bado haijafunguliwa. Papa Ilunga aliitazama, kisha akalitazama darasa.

“Ni sahihi. Vipi kuhusu nusu jumlisha robo?”

Mikono yote juu. “Tatu juu ya nne!” alijibu msichana wa mstari wa mbele, kabla hata ya kuitwa.

Ariane aligeuka kidogo kuitazama kamati. Alitarajia kuona tabasamu. Bwana Abdulrazak alikuwa amekunja uso. Mwalimu Agripina alikuwa ameweka kalamu yake chini.

Papa Ilunga alilifunga daftari lake na kulisukuma pembeni ya meza.

“Swali hili halimo katika mpango wangu,” alisema. “Limenijia sasa hivi. Nusu jumlisha theluthi.”

Mikono ilianza kuinuka, ikasita, ikabaki nusu njia. Mkono wa Agape tu ndio uliokuwa juu kabisa. Alikuwa amekaa akiwa amefumba macho, akirudia orodha yake moyoni, na hakusikia maneno ya utangulizi.

“Ndiyo, binti.”

“Tano juu ya kumi na mbili,” Agape alisema haraka.

“Umepataje?”

Agape alifumbua macho. Midomo yake ilicheza. “Ni... ni la tatu.”

“La tatu la nini?”

“Ni jibu la tatu, Mwalimu.”

Hakuna aliyecheka, hata Macharia. Papa Ilunga aligeuka polepole na kumtazama binti yake. Hakumtazama kwa muda mrefu. Muda ule mfupi ulitosha.

“Bwana Ilunga,” Bwana Abdulrazak alisema kutoka nyuma, “somo hili watoto wameshalishwa. Na mmoja wao analala nyumbani kwako.”

“Nimeona hivyo, Mwenyekiti.”

“Una la kutueleza?”

Papa Ilunga aliweka mkono juu ya daftari. “Daftari ni langu. Kilichomo ni dhamana yangu. Sina jingine.”

Mwalimu Agripina alitangaza kwamba somo limekwisha. Lilipangwa kuwa la dakika arobaini. Lilichukua dakika nane. Wanafunzi waliambiwa waondoke, na kamati ikabaki kujadili. Uamuzi ungetolewa saa tano.

Ariane na baba yake walishuka hadi mkahawa ulio chini ya jengo. Papa Ilunga aliagiza chai mbili. Ariane alikaa, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Alikisogeza kikombe chake kulia, kisha kushoto. Baba yake alikuwa akitazama barabara.

“Una jambo la kuniambia?” aliuliza bila kugeuka.

“Hapana, Papa.”

“Haya.”

Angemgombeza, Ariane angejitetea. Angemuuliza swali la pili, pengine angejibu. Lakini Papa Ilunga alikunywa chai yake. Simu yake ikaita. Ariane alisikia sauti nene ya laoban ikitoka ndani yake.

“Ndiyo, laoban,” Papa Ilunga alisema kwa Kichina chake cha sokoni. “Kuhusu Yiwu... nadhani itawezekana. Miezi sita. Nitathibitisha mchana.”

Ariane hakusubiri amalize. Alitoka nje mbio na kupanda ngazi mbili mbili. Kwenye ghorofa ya tatu alisimama. Alijua kwamba akipiga hatua nyingine, jina lake litaharibika mbele ya watu wazima watatu, na pengine atafukuzwa shule. Mguu wake ulipanda kabla hajamaliza kuwaza.

Kwenye mlango wa darasa alimkuta Agape akimsubiri mama yake, macho yakiwa mekundu. Ariane alimshika mkono bila kusema neno, akabisha hodi, wakaingia wote wawili.

“Shikamooni,” Ariane alisema. “Baba yangu hakutufundisha majibu. Nilifungua daftari lake akiwa hayupo. Nikayanakili, nikawatumia wenzangu. Yeye hakujua. Amejua hapahapa, pamoja nanyi.”

Bwana Abdulrazak aliegemea kiti. “Nani amekutuma kuja kusema hayo, mwanangu?”

“Sikutumwa na mtu.”

“Baba yako yuko chini, sivyo? Aliyelisha darasa majibu anaweza pia kumlisha mtoto maneno ya kuomba radhi.”

Ariane hakulitarajia hili. Alidhani ukweli ukishasemwa unatosha. Kumbe uongo wake ulikuwa umeondoka na kitu kingine: sasa hata ukweli wake ulihitaji shahidi. Alitoa simu na kuiweka mezani. Picha ilikuwapo, katika mwandiko wake mwenyewe, pamoja na siku na saa. Ilitumwa Ijumaa asubuhi, na chini yake alikuwa ameandika: “Msimwambie Papa.”

Mwalimu Agripina aliisoma, akampa Bwana Abdulrazak. Kisha akamgeukia Agape.

“Nawe una la kusema?”

“Ni kweli, Mwalimu,” Agape alisema. Machozi yalimtoka tena. “Mimi nilitaka kuuliza kumi na mbili imetoka wapi. Ariane akasema nisiulize, nikariri. Na mpaka sasa sijui imetoka wapi.”

Ariane alimtazama rafiki yake na kuona, kwa mara ya kwanza, kwamba hakumharibia baba yake peke yake.

“Nisamehe, Agape,” alisema.

Mwalimu Agripina alivua miwani. “Ariane, unajua tulikuja kutazama nini leo?”

“Kama Papa anafundisha vizuri.”

“Na mtu anayefundisha vizuri utamjuaje? Kwa mikono iliyoinuka? Darasa linalojua kila kitu halihitaji mwalimu, linahitaji mlinzi wa mlango tu. Tulikuja kuona baba yako atafanya nini mtoto akikosea. Atamkejeli? Atamruka? Atasubiri? Wewe ukatuondolea makosa yote. Ulidhani unamfungulia mlango, kumbe umeukomea. Na umefanya hivyo kwa kuiba kazi yake na kumnyima mwenzako swali lake.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Kamwite baba yako.”

Papa Ilunga alikuwa tayari kwenye korido. Alikuwa amemfuata binti yake ngazi zote na kusikia sehemu kubwa ya mazungumzo. Aliingia na kusimama karibu na mlango.

“Bwana Ilunga,” Bwana Abdulrazak alisema, “mkataba unataka somo la majaribio. Hausemi ni mara ngapi. Lakini sharti langu ni hili: hakuna daftari, na hakuna swali la kwako. Binti huyu ana swali lake. Mfundishe.”

Papa Ilunga hakuuliza muda. Alivuta kiti, akaketi upande mmoja wa meza na Agape, akafungua pakiti ya soksi.

“Theluthi jumlisha robo,” alisema. “Sahau karatasi ya jana. Wewe mwenyewe ungesema ngapi?”

Agape aliitazama kamati kwa hofu. “Mbili juu ya saba.”

Ariane aliuma mdomo. Lakini baba yake aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta.

“Umepataje?”

“Moja na moja ni mbili. Tatu na nne ni saba.”

“Una sababu, na sababu yako inaeleweka. Tuzipe soksi tuone kama zitakubali. Dazeni hii igawe mafungu saba yaliyo sawa.”

Agape alipanga mafungu saba, jozi moja moja. Akasimama. “Zimebaki tano.”

“Zigawe nazo.”

“Hazitoshi. Labda nizikate.”

“Soksi za watu hatukati,” Papa Ilunga alisema. Mama wa Kikongo aliyekuwa na kalamu alicheka. “Zirudishe. Sasa nitolee theluthi ya dazeni.”

Agape aligawa mafungu matatu, akachukua moja. “Jozi nne.”

“Weka pembeni. Theluthi peke yake ni nne. Anza upya, fikiria zote kumi na mbili. Robo yake ni ngapi?”

Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. “Tatu.”

“Theluthi na robo pamoja?”

“Saba. Jozi saba.”

“Kati ya ngapi?”

“Kati ya kumi na mbili...” Agape alinyamaza. Papa Ilunga naye alinyamaza. Bwana Abdulrazak alifungua mdomo ili asaidie, na Mwalimu Agripina akamgusa kiwiko. Nje, mtu alikuwa akikokota mzigo kwenye korido.

“Saba ilikataa kugawanyika,” Agape alisema taratibu. “Kumi na mbili imekubali kwa tatu, na imekubali kwa nne. Zote mbili zinaingia humo. Ndiyo maana tunaichukua hiyo!”

“Hebu sasa lile lililotutia aibu asubuhi. Nusu jumlisha theluthi.”

Agape alinyakua soksi. “Sita. Na nne. Kumi! Kumi juu ya kumi na mbili.”

“Au tano juu ya sita,” Bwana Abdulrazak alisema, akiwa ameshainuka na kusogea mezani bila kujitambua.

Agape alimtazama, akayatazama mafungu, akaziunganisha jozi mbili mbili. “Si ni ileile, Bwana?”

Mwenyekiti, ambaye alikuwa amehesabu katoni kwa miaka ishirini, alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. “Ileile, mwanangu.”

Saa tano kamati ilitoa uamuzi. Papa Ilunga angefundisha kwa muhula mmoja, kisha angetazamwa tena. Ariane asingefukuzwa, lakini Jumatatu angesimama mbele ya wenzake na kueleza alichofanya, bila kupunguza neno. Papa Ilunga alitoka nje hadi kwenye korido na kumpigia laoban kumwambia kwamba haendi Yiwu.

Walishuka ngazi pamoja. Ariane alikuwa nyuma kwa hatua moja.

“Umekasirika, Papa?”

“Sana. Nitakasirika mpaka jioni.” Alishuka ngazi kadhaa kabla ya kuendelea. “Nilijua ni wewe tangu asubuhi. Ningeweza kukutaja. Nilitaka uje mwenyewe, na nilianza kuogopa kwamba hutakuja.”

“Nilitaka ukae nyumbani.”

“Najua. Ulikitaka kitu kizuri, ukapita njia ya wizi, nacho kikakaribia kukuponyoka. Sikiliza, Ariane. Usione haya kusema hujui. Mtu akisema hajui, anaweza kusaidiwa. Mtu akijifanya anajua, hata mwalimu wake anashindwa kumfikia. Na ukiharibu, sema mapema, kwa mdomo wako, kabla mwingine hajalipia. Umechelewa leo. Lakini umesema.”

Jumatatu Ariane alisimama mbele ya darasa na kueleza yote. Macharia alimzomea kidogo, kisha akampigia makofi. Ariane alipokaa, Papa Ilunga alikuwa ameshageukia ubao na kuandika swali refu, lenye sehemu tatu.

“Nani ataanza?”

Wanafunzi walitazamana. Hakuna aliyekuwa na karatasi, na hakuna aliyekuwa na jibu. Ariane alilisoma swali mara mbili. Aliinua mkono.

“Ndiyo, Ariane.”

“Sijui, Mwalimu.”

“Umeelewa mpaka wapi?”

Alisimama, akaenda ubaoni na kumwonyesha.